Viwili vya Kila Kitu

Nilianza kuokota vifuniko vya chupa nikiwa na aibu. Mwanamke mzima, mke wa mtu, nimeinama asubuhi mbele ya baa ambayo haijafunguliwa, nachagua vifuniko vya bia mchangani na kuvitia katika mfuko wa plastiki. Mwenye baa, mama mmoja asiyejua kunyamaza, alitoka na ufagio. Akaniuliza kama siku hizi nakunywa kwa harufu. Nikamwambia ni vya watoto, vya kuhesabia. Alicheka, lakini kuanzia siku ile alinifagilia vyote kwenye kona moja, vyekundu peke yake na vya kijani peke yake, na kila nilipopita aliniita, "Mama Mapasa, mali yako iko hapa."

Mama Mapasa ndilo jina nililopewa na mtaa mzima tangu nilipojifungua pacha, mvulana na msichana. Mapasa ni pacha, na mwanamke akishawazaa, jina alilopewa na wazazi wake linawekwa kando. Hata padre aliniita hivyo. Mvulana alitangulia kutoka, dada yake akamfuata muda mfupi baadaye, na kwa sababu ya muda huo mfupi alimtii kaka yake maisha yake yote, yaani maisha ya kaka.

Walipofika miaka mitatu nilitaka kuwapeleka gardiene, shule ya watoto wadogo iliyokuwa chini karibu na ufukwe. Mwaka ule ziwa lilipanda. Maji yaliingia uani, yakafika kwenye madirisha, walimu wakatawanyika. Gardiene nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto Lukuga, na mimi si mtu wa kumkabidhi dereva wa pikipiki watoto wawili wa miaka mitatu. Nikasema nitawafundisha mwenyewe nyumbani. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimesomea ualimu, nikaacha mwaka mmoja kabla ya kumaliza, na jambo hilo lilikuwa limeniuma kwa miaka mingi kuliko nilivyokubali kusema. Niliona Mungu amenirudishia darasa, hata kama ni la wanafunzi wawili wanaojikojolea.

Basi nikaanza kukusanya. Mume wangu anafanya kazi katika ofisi ya reli. Treni ni chache, lakini karatasi hazijapungua, na fomu za zamani zilizoandikwa upande mmoja zilikuwa zinangoja kuchomwa. Alizileta nyumbani kwa mafungu, zimefungwa kwa kamba ya katani, na upande wa nyuma, mweupe, ukawa daftari letu. Bandarini niliomba maboksi ya sabuni yanayotoka Kigoma. Ufukweni niliokota makombe ya konokono na maboya yaliyokatika kwenye nyavu. Fundi cherehani jirani alinipa vipande vya vitenge. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, uji mzito usio na chumvi, ingawa mvulana aliramba kila mara nilipogeuka. Rangi ya buluu ilitoka kwenye unga wa kufulia mashati meupe, nyekundu kwenye matofali yaliyosagwa, na kijani kwenye majani ya matembele niliyoyatwanga mpaka mikono ikanuka wiki nzima.

Ubao ndio ulionisumbua. Mume wangu alikata vipande vya mbao laini, akapasua betri kuukuu za redio, akautoa ule unga mweusi na kuuchanganya na maji ya majani ya muhogo, akapaka mara tatu, akaanika. Chaki zilikuwa zinapatikana sokoni, lakini watoto walizitafuna, kwa hiyo nikawapa vipande vya muhogo mkavu, ambavyo vinaandika vizuri tu, na anayetafuna hadhuriki.

Vyote hivyo nilivikusanya mara mbili. Haikuwa hiari yangu. Katika familia ya mume wangu, kila anachopewa pacha mmoja lazima mwenzake apewe kilekile, kwa kipimo kilekile, siku ileile. Nguo zinakatwa kitambaa kimoja. Viatu vinanunuliwa pamoja, na kama hela za jozi ya pili hazipo, wote wawili wanabaki miguu mitupu. Sokoni nilipotaka kununua kichana kimoja, muuzaji aliyenijua aliongeza cha pili kama matabishi, nyongeza ya bure, kwa sababu naye hakutaka kuwa mtu aliyewagawanya mapasa. Mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Nkambo, yaani bibi, alishuka kutoka Kirungu kuja kukaa nasi akiwa na maharage ya kufundishia, mekundu, meupe na ya madoadoa. Aliyafunga katika vitambaa viwili, na kabla hajanikabidhi alivipima, kimoja kiganja hiki na kimoja kile, akatoa punje tatu upande mmoja na kuzihamishia upande wa pili.

Kwa hiyo tulikuwa na mbao mbili, makopo mawili ya vifuniko, madonge mawili ya udongo wa mfinyanzi, vijiti viwili, viti vidogo viwili. Na hesabu niliianza na mbili. Nilipofundisha, nilishika kifuniko nikasema, "Hiki chako, hiki cha mwenzako. Ni ngapi?" Nao wakajibu kwa pamoja. Katika vitabu vya ualimu mtu anaanza na moja, najua. Lakini nyumbani kwetu hapakuwa na kitu kimoja ambacho ningeweza kuwaonyesha. Ningeinua nini? Kingekuwa cha nani? Niliona mbili ni mwanzo mzuri kama mwingine, tukaendelea na nne, na sita, na watoto walienda vizuri mpaka nikajisifu mbele ya majirani.

Mvulana alishikwa na homa katika majira ya mvua, walipokuwa wanakaribia miaka mitano. Siku ya kwanza alicheza. Siku ya pili tulimpeleka hospitali, asubuhi ya siku ya tatu tukamrudisha nyumbani kwa mazishi. Sina zaidi la kusema kuhusu siku hizo, na ninaloweza kusema halimfai mtu.

Nilipofungua kinywa nilie, Nkambo aliniziba kwa kiganja chake. Hakunipiga, aliniziba tu.

"Kwetu mapasa habaliliwi," alisema. "Ukilia, huyu aliyebaki atasikia, atamufuata mwenzake. Tunasema amerudi. Basi."

Wanawake waliokuja hawakupiga yowe. Waliimba nyimbo za mapasa, zile za kufurahisha, zenye maneno ya matusi madogo, waliyoyaimba siku niliyojifungua. Mimi nilikaa mkekani nimemshika binti yangu, nimeuma ulimi, na nilitii. Niliogopa. Mtu aliyepoteza mmoja anatii chochote anachoambiwa kuhusu wa pili. Nililia baadaye, peke yangu, kwenye bomba la maji, nimefungulia maji kwa nguvu yagonge ndoo, na nikirudi nimeosha uso. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna aliyejua.

Sehemu ya mvulana iliendelea kutolewa. Hiyo nayo ni desturi. Sahani yake iliwekwa, ikatiwa kijiko cha ugali na ndagala, yaani dagaa wa ziwani, kisha dada yake akaila pamoja na yake. Nguo zilipokatwa zilikatwa mbili. Na mimi, wiki mbili baada ya mazishi, nilipoona mtoto amekaa kimya muda mrefu mno, nilipanga viti viwili, nikaweka mbao mbili, nikamimina vifuniko katika makopo mawili, nikaanza somo.

Nitasema ukweli, maana wakati ule sikuusema. Haikuwa tu heshima kwa desturi. Nilipenda kile kiti cha pili. Nilipenda kukipangusa vumbi. Tulipotengeneza samaki wa boksi, nilimkunja wangu kando ya wake, nikambandika magamba ya kitenge, nikamweka mbele ya kiti kile, na kwa muda wa somo hilo moyo wangu ulitulia. Niliongeza kukusanya. Nilienda mpaka kwa wavuvi kuomba maboya, nilirudi kwenye baa hata mama yule akaniambia vifuniko vyangu sasa vinatosha kuezekea nyumba. Nilikuwa namfundisha mtoto mmoja na kukusanyia watoto wawili, na aliyethubutu kuliona hilo alikuwa mume wangu.

Siku moja alichukua ubao wa pili akasema anaenda kuupaka upya. Siku tano zikapita. Nilipomuuliza alijibu kwamba haujakauka. Kwenye jua la Kalemie. Nikaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, nikaukuta umeegemezwa ukutani, mkavu, haujaguswa na rangi. Niliurudisha ndani, na chakula cha jioni hiyo nilikipika na chumvi nyingi kwa makusudi. Alikula chote. Ndivyo tulivyogombana.

Binti yangu alitaka kwenda shule. Hilo sikulipanga mimi, alilianza mwenyewe. Njia ya kwenda shule ya msingi iliyo juu ya kilima inapita mbele ya mlango wetu, na kila asubuhi wanafunzi wa nguo nyeupe na buluu walipopita, alisimama kizingitini na mfuko wa plastiki mgongoni, akiwafuata kwa macho mpaka wa mwisho. Wakati mwingine aliwafuata kwa miguu hadi kwenye kona. Jioni alimuuliza baba yake kama kule juu kuna viti. Baba yake akamjibu kuna mabenchi, wanakaa wengi pamoja. Aliuliza tena kesho yake, kana kwamba anaogopa mabenchi yataondolewa.

Alipokaribia miaka sita, kabla ya shule kufunguliwa, nilimpeleka kuandikishwa. Nilibeba kopo la vifuniko, kazi zake za mikono, na fomu za reli zilizojaa herufi upande wa nyuma. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Mwalimu mkuu, ambaye watu wanamwita Mama Diretrisi, alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliangalia samaki wa boksi, akaangalia herufi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasogeza kopo mbele ya mtoto.

"Nipe kifuniko kimoja, mama," akamwambia mtoto.

Binti yangu alinitazama. Akaingiza mkono, akatoa viwili.

"Kimoja tu."

Alivirudisha, akafikiri, akatoa viwili tena, safari hii vya rangi moja, kama mtu anayedhani kosa lilikuwa kwenye rangi. Mama Diretrisi alimpa karatasi akamwambia achore mtu mmoja. Akachora wawili. Akamuuliza ana pua ngapi, na hapo mtoto aliinamisha kichwa na hakujibu kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma, naona yote.

"Mutoto ana mikono ya akili," Mama Diretrisi aliniambia, "lakini hesabu haijaingia. Murudishe kiisha juma mbili. Kama bado, angoje mwaka. Akiingia sasa hajui moja, wenzake watamucheka, na mutoto anayechekwa mwanzo hapendi tena masomo."

Hakusema kwa ubaya. Nilimshukuru, nikakusanya vitu vyangu. Njiani mtoto aliniuliza kama kesho atapata benchi. Nikamwambia bado. Hakulia, alivua mfuko wake wa mgongoni akanipa niubebe, na jambo lililonichoma ni kwamba sehemu fulani ya moyo wangu, ndogo lakini ipo, ilifurahi. Mwaka mmoja zaidi nyumbani. Mwaka mmoja zaidi wa viti viwili. Nilijiona mtu mbaya, na nadhani nilikuwa.

Mume wangu alisikiliza habari yote akiwa anakula. Alimaliza, akanawa.

"Kwangu anatoaka moja," alisema.

"Moja ya nini?"

"Ya kila kitu. Nikimwambia niletee kiatu moja nikitengeneze, analeta moja. Nikimuomba msumari moja, ananipa moja."

Nilidhani ananifariji, au ananichokoza kwa ajili ya ule ubao. Nikamwambia asinitanie, mtoto nimemfundisha mimi, najua anachojua na asichojua. Hakubishana. Si mtu wa kubishana.

Nilijua lazima nitoe kile kiti. Hapakuwa na njia nyingine ya kufundisha moja. Lakini nyumba ilikuwa na Nkambo ndani yake, na kugawanya vitu vya mapasa mbele ya Nkambo lilikuwa jambo la kumwomba Mungu nguvu. Nilimkuta uani, anachambua maharage. Nilisimama, nikazunguka na maneno, nikamweleza habari za shule, za vifuniko, za mwaka wa kungoja. Nilitegemea ataniziba mdomo kama siku ile.

Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Mi nilisema tusilie," alisema. "Sikusema mutoto asiende kusoma."

Aliinuka kwa kushika magoti yake, akaingia ndani, akachukua kiti kile, ubao wa pili, kopo la pili na samaki wa boksi wote waliokuwa wa mvulana. Hakukubali nimsaidie. Alivipanga chini ya kitanda chake, polepole, akakuta samaki mmoja amepinda mkia akaunyoosha.

"Nitamuwekea," alisema. "Mi niko muzee. Ni mi nitamuona wa kwanza, mbele yenu."

Nilitoka nje haraka. Nilienda bombani.

Juma zile mbili nilifanya kazi kama sijawahi kuifanya. Kwanza ilibidi nikusanye upya, kwa sababu vyote nilivyokuwa navyo vilikuwa vimekusanywa kwa jozi. Nilitafuta vitu ambavyo havina mwenzake. Kufuli lililopoteza ufunguo. Ganda moja kubwa la konokono. Chupa moja ya dawa, tupu, niliyoichemsha. Boya la rangi ya machungwa ambalo sikuwahi kuona jingine la namna yake. Kifungo cha koti la baba yangu. Kengele ya baiskeli isiyolia. Niliwauliza majirani kama wana kitu kilichobaki peke yake, na kumbe kila nyumba ina droo ya vitu hivyo. Mama wa baa alinipa kifuniko cha kinywaji kilichoacha kuuzwa mjini zamani, akakipangusa kwenye kanga yake kabla ya kunipa. Hakutania siku hiyo. Nadhani alijua.

Nilivipanga kwenye kitambaa, kila kimoja mbali na kingine, nikamkalisha mtoto kwenye kiti chake, peke yake. Alitazama mahali kiti cha pili kilipokuwa, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia, "Hii ni moja." Akarudia, moja. Nikainua kengele, moja. Boya, moja. Alitamka vizuri. Lakini nikimwambia anipe kimoja, alichukua kitu na kingine cha karibu yake, ganda na kufuli, kifungo na chupa, akavileta viwili mikono miwili, macho yake yakiwa usoni mwangu. Nilirudia kwa upole. Nilirudia kwa ukali. Siku ya nne nilimfokea, nikamwambia mbona mjinga hivi, neno ambalo sikuwahi kumwambia, na bado mikono yake ilikuwa na vitu viwili.

Usiku mume wangu alirudia neno lake. Kwake anatoa kimoja. Nikamwambia basi amfundishe yeye. Akasema hakuna la kumfundisha.

Siku ya kurudi ilipofika sikuwa na kiburi hata kidogo. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa jibu. Mtoto alivaa gauni lake la Jumapili na mfuko wake mgongoni, na kutoka mlangoni alitembea mbele yangu kilima kizima bila kusimama. Ofisini palikuwa na wazazi wengine wawili wanaongoja barazani. Mama Diretrisi alitupokea kama mara ya kwanza, akamkalisha mtoto mbele ya meza. Nilikaa nyuma, mahali palepale, nimebana mkoba mapajani.

Hakupoteza muda. Alisogeza kopo la vifuniko tulilokuja nalo.

"Nipe kimoja."

Binti yangu aligeuza kichwa, akanitafuta kwa macho, akaniona. Akaingiza mkono. Akatoa viwili, akaviweka juu ya meza.

Nikafumba macho. Basi, nikajiambia. Mwaka.

Nilimsikia Mama Diretrisi akivuta kiti chake karibu. Nilidhani atafunga daftari, lakini alivitenganisha vile vifuniko kwa kidole, kimoja huku, kimoja kule.

"Hii ya nani?" aliuliza, akigusa cha kwanza.

"Yako. Umeomba moja."

"Na hii ingine?"

Nilijua atakachosema. Nililisikia jina la mwanangu kabla halijatamkwa, jina ambalo mtu hakulitamka nyumbani kwetu tangu mazishi, na nilijishika kwenye kiti.

"Ya mama," mtoto alisema.

"Ya mama wako?"

"Ndiyo. Akiona moja, analia."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtoto anayeeleza kazi aliyopewa nyumbani, kuchota maji au kufukuza kuku kwenye mihogo iliyoanikwa. Mama Diretrisi alivua miwani yake. Barazani mzazi mmoja alikohoa. Mimi niliona mbele yangu mwaka mzima na zaidi, masomo yote, makopo yote, mtoto wa miaka mitano anayejua moja vizuri kabisa na anayeificha kila asubuhi kwa ajili ya mtu mzima. Sikuwahi kuona aibu kama ile, wala upendo kama ule, na sikujua nianze na kipi.

Nilisimama. Nikaenda mpaka kwenye meza, nikachuchumaa, uso wangu ukawa mbele ya uso wake.

"Rudisha ya mama," nikamwambia. "Mpe Mama Diretrisi moja. Mi sitalia."

Hakuniamini. Alinitazama jicho la kulia, akanitazama la kushoto, akaangalia mdomo wangu, kwa utulivu, bila haraka, kama Nkambo anavyokagua maharage. Nami niliushikilia uso wangu usitikisike, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Alinyoosha mkono kwenye kile kifuniko cha pili, akakigusa, akasubiri, akanitazama tena. Kisha akakirudisha ndani ya kopo.